Nani Anaendesha Hapa?

Alhamisi, 3 Mei 1979. Mafubira, Jinja

Mvua tangu alfajiri. Vita vimetupita, vimeelekea kaskazini, na mimi Hadijah Nasur, mhadhiri wa elimu ya vijidudu katika chuo kikuu kule Kampala, nimejificha nyumbani kwa shangazi yangu kama mwizi wa kuku. Kosa langu ni jina. Babu yangu aliletwa huku kutoka Sudan akiwa askari wa Waingereza, na siku hizi Mnubi yeyote anahesabiwa kuwa mtu wa serikali iliyoanguka, hata kama maisha yake yote ameyamaliza akichungulia bakteria.

Asubuhi Land Rover ya jeshi la Tanzania ilisimama mlangoni. Shangazi Mariat akaniamuru niingie chini ya kitanda, nami, mtu wa shahada tatu, nikaingia. Nikasikia sauti ya upole ikibisha hodi na kuuliza kama hapa ndipo kwa mwalimu wa vijidudu. Nikatoka na utando wa buibui kichwani. Alikuwa Koplo Asadu, mtu wa Tanga, dereva wa daktari wao wa jeshi. Anasema Mbale watu wanatapika na kutokwa na maji meupe kama ya kuoshea mchele, na mtu aliyeamka mzima hazikwi kesho, anazikwa jioni ile ile. Daktari wake ana wasiwasi ni kitu fulani lakini hana wa kumthibitishia. Je, ningekwenda?

Maji ya kuoshea mchele. Kwa miaka mingi nimeyaandika maneno hayo ubaoni kwa wanafunzi, na sijawahi kuukuta ugonjwa huo mwenyewe, ukiwa hai, mbele yangu. Shangazi aliniangalia akasema watu wanakufa na wewe unatabasamu. Kweli nilikuwa natabasamu. Ninaandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumamosi, 5 Mei

Hadubini yangu imepatikana. Niliitoa Kampala mwezi wa tatu ndani ya sanduku lake la mbao, na siku ya uporaji ikachukuliwa na majirani pamoja na viti. Leo nimeikuta mjini kwa fundi cherehani mmoja, Waiswa, amelipanga sanduku dirishani. Aliinunua akidhani ni cherehani ndogo ya Kizungu. Amehangaika nayo siku kadhaa akitafuta sindano inapoingia. Aliniuliza kwa dhati kabisa kama inashona vitufe.

Hakutaka kuitoa bure, na simlaumu, naye ameporwa. Alitaka cherehani inayoshona. Nilirudi nyumbani nimenuna. Shangazi alinisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na cherehani yake ya mkono, ile iliyomlea tangu mumewe alipokufa. Nikamwambia hapana. Akasema nimwache, macho yake yenyewe yamechoka na uzi, na kama hicho chuma kinaona vizuri kuliko yeye basi kiende kikaone. Nilimbusu mikono. Waiswa anaamini amenipunja.

Jumatano, 9 Mei. Mbale

Tumefika. Iganga, Tororo, Busiu, mvua njia nzima. Kwenye kizuizi kimoja askari aliuliza jina langu, na niliposema Nasur akalirudia polepole. Asadu akamwambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chai kwamba huyu ni mwalimu wetu, fungua njia. Ikafunguliwa. Kisha akanivisha koti lake la mvua la jeshi kwa sababu dari linavuja. Linanifika miguuni.

Alhamisi, 10 Mei

Wodi imejaa mpaka varandani. Anayeiongoza ni muuguzi Maximilla, mama mnene wa hapa Mbale, mwenye rozari shingoni na sauti ya kumwamsha maiti. Hakuniuliza kabila wala dini. Aliniuliza kama nimeleta sabuni.

Kisha kuna bwana afya wa wilaya, Geresom Wamboga. Huyu simpendi. Amevaa tai, ameshika mwavuli, anaruka madimbwi kama paka. Nilimsalimu kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, na nilipoendelea na Kiswahili akaniambia, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, kwamba hiyo ni lugha ya bunduki, ya askari waporaji, na yeye haizungumzi. Kwetu ndiyo lugha tuliyobembelezewa. Nilitaka kumjibu lakini mgonjwa wa karibu yetu alitapika, bwana afya akaruka.

Ijumaa, 11 Mei

Mvua. Tumepewa chumba cha sayansi cha shule iliyofungwa. Madirisha hakuna, meza ipo.

Jumapili, 13 Mei

Sina chakula cha kuoteshea vijidudu, sina umeme, sina kabati la joto. Nimekaa nikifikiri kama mpishi. Kijidudu ninachokitafuta hupenda maji yenye chumvi na magadi, yale ambayo wenzake hawawezi kuyavumilia. Basi nimechemsha supu ya mfupa, nimeichuja, nimetia chumvi na magadi ya kupikia maharagwe, nikaigawa katika chupa ndogo za dawa na kuzichemsha tena. Maximilla alipita akaonja kwa kijiko kabla sijamzuia. Amesema imekosa kitunguu.

Joto ndilo lililonisumbua. Kijidudu hiki kinataka joto la mwili wa mtu. Nilikuwa nimekaa nikijiuliza nitaupata wapi mwili wa mtu, na jibu lilikuwa limeketi juu ya kigoda.

Jumatatu, 14 Mei

Nimeona.

Asubuhi nilitia tone la mgonjwa katika kila chupa, nikakaza vifuniko, nikavipaka nta ya mshumaa, nikazitumbukiza chupa kwenye soksi ya sufu na kuifunga kiunoni kwa leso, chini ya gauni. Nilitembea hivyo tangu chai mpaka baada ya adhuhuri, polepole kama bibi harusi, nimefunga kipindupindu kiunoni. Asadu alipoambiwa kilichomo alihamia upande wa pili wa gari.

Kisha nikaweka tone chini ya hadubini, kioo kikielekea dirishani, jua likiwa limetoka kwa bahati. Mwanzoni ukungu. Nikazungusha. Vikatokea, vimepinda kama alama ya mkato, vinapita kwa kasi kama watoto waliosikia kengele ya kutoka shule. Nilipiga kelele. Nilikuwa na chupa moja ya serum, maji ya damu yanayokigandisha kijidudu hicho tu, niliyoiokoa vitani ndani ya birika la shangazi, na sikujua kama bado inafaa. Nikatia tone. Vikapunguza mwendo, vikagandamana, vikasimama vyote. Hapo hakuna ubishi. Ni kipindupindu.

Nilimwita Maximilla akaangalia, akafanya ishara ya msalaba, akaniuliza kama hivyo vidogo ndivyo vimemuua mtoto wa jana. Nikasema ndiyo. Furaha ikanitoka kidogo. Lakini ikarudi, kwa sababu ukimjua adui kwa jina unajua anapopita, na huyu hupita majini. Geresom naye aliangalia, tai imening'inia juu ya meza, na akakaa hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Aliponyanyuka alisema kwa Kiingereza kwamba sasa lazima tujue nyumba kwa nyumba ugonjwa uko wapi na wapi haujafika.

Wazo zuri. Imeniuma kuwa ni lake.

Ijumaa, 18 Mei

Tumegawana. Geresom amechukua Busiu kwa baiskeli. Mimi na Asadu tumechukua Nakaloke kwa Land Rover.

Kila nyumba nilibisha, nikasalimu, nikauliza swali moja. Sikutaka kuuliza kama kuna mgonjwa, maana kila nyumba ina malaria na ningetoka na wagonjwa wa mwaka mzima. Wala sikutaka kutaja kuhara mlangoni pa watu. Shangazi alinilea vizuri, neno hilo halisemwi mbele ya wakubwa. Niliuliza kwa adabu kama tulivyofundishwa nyumbani: nani anaendesha hapa?

Hakuna hata mmoja. Nyumba baada ya nyumba jibu ni lile lile: "Hakuna mtu naendesha hapa, afande." Wananiita afande, sijui kwa nini. Wako wapole mno, macho chini. Vijana wao wana aibu kweli, wakiona wageni wanaingia kwenye mahindi. Mzee mmoja mwenye kofia ya darizi aliongeza kwamba hata gari la mwanawe lilichukuliwa tangu mwezi wa nne. Nikampa pole, nikaona uzee umemfikia.

Geresom amerudi kutoka Busiu na matope mpaka magotini, na majibu ya kutisha: karibu kila ukoo una mgonjwa.

Jumamosi, 19 Mei

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimechora ramani. Busiu imejaa, Nakaloke tupu. Kusini ugonjwa, kaskazini hakuna. Kwa hiyo sababu lazima iwe ni kijito kile wanachokitumia Busiu! Tangu niwe mwalimu sijapata ramani safi kama hii. Wanafunzi wangu wangeipigia makofi. Nimeagiza chupa zote za maji ya kutundikia mishipani zipelekwe Busiu, pamoja na klorini yote. Geresom aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na Nakaloke. Nikamwambia nimeuliza kwa mdomo wangu, mlango kwa mlango. Akatikisa kichwa kukubali. Alinieleza kwamba mkewe Nafuna, mwalimu wa shule ya msingi, anaishi naye hapa mjini karibu sana na wodi, na kwa kuwa Nakaloke ni salama atampeleka huko kwa mama yake mzazi mpaka haya yaishe.

Nikasema ni uamuzi wa busara.

Jumanne, 22 Mei

Asadu amerudi kutoka Jinja alikokwenda kuchukua petroli. Shangazi amempa aniletee gunia la sukari guru, maana sukari nyeupe haipo Uganda nzima. Hii ni ile inayonunuliwa na wapika waragi, pombe kali ya huku. Ujumbe wake: nisijisahau kuswali, na nisiuze kwa walevi. Maximilla amelificha gunia chini ya kitanda chake kwa sababu anawajua wauguzi wake.

Ijumaa, 25 Mei

Busiu inapungua. Wanachemsha maji. Mvua inapiga.

Jumatatu, 28 Mei

Busiu inapungua zaidi. Daktari wa jeshi amenisifu mbele ya maofisa. Nilipita nikiwa nimevimba kama andazi. Nimemwona Geresom akisafisha choo cha wodi kwa mikono yake, tai ameitupia begani. Labda si mtu wa mwavuli tu.

Jumamosi, 2 Juni

Siwezi kuandika kwa mpangilio lakini lazima niandike.

Saa ya chakula walileta mgonjwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, wanaume wanne, mvua inawapiga. Mwanamke. Macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Maximilla akauliza wametoka wapi. Wakasema Nakaloke. Nikawaambia haiwezekani. Nililisema neno hilo mbele ya mgonjwa.

Kisha Geresom akaingia akikimbia bila mwavuli, bila viatu, akapiga magoti kando ya ule mlango, akaniangalia mimi na kusema kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza:

"Dakitari, bibi yangu nakufa."

Ni Nafuna. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, akicheka kwa sauti iliyovuka uwanja wa wodi. Sasa hata kope zilikuwa hazichezi.

Chupa za kutundikia hatuna, zote ziko Busiu, nilizituma mimi. Asadu hakungoja kuagizwa, nikasikia injini. Maximilla alivuta lile gunia chini ya kitanda, akavunja sukari guru kwa nyundo, tukaikoroga na chumvi katika maji yaliyochemshwa, na Geresom akaanza kumnywesha kwa kijiko. Anatapika, anapewa tena. Anatapika, anapewa tena. Nikachukua koti la mvua nikaomba lifti kwenye lori, nikaenda Nakaloke, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilitaka kujua ni kwa nini walinidanganya.

Nyumba ya kwanza ni ya mama mmoja mfanyabiashara wa vitunguu sokoni, Hasifa, Mwislamu kama mimi. Nilimkuta amekaa kando ya mwanawe aliyelala kwenye mkeka, na harufu niliijua kabla sijaingia. Nikamuuliza mbona siku ile aliniambia hapa hakuna anayeendesha.

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego uko wapi.

"Afande, wewe nakuja na gari ya jeshi. Nauliza nani naendesha. Mimi nasema hakuna. Mtoto yangu naendesha lori ya pamba. Askari natafuta dereva kila siku, nachukua, hawarudi. Mimi nasema hakuna."

Nikasimama pale, maji yakinitiririka kutoka kwenye koti la jeshi. Nikamwambia sikuwa nikiuliza dereva. Nilikuwa nikiuliza tumbo.

"Tumbo?" Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. "Kuhara? Kwa nini wewe hapana sema kuhara? Kuhara iko kila nyumba."

Nilicheka. Mungu anisamehe, kicheko kilinitoka kwa nguvu, na kabla hakijaisha kilikuwa kilio, nimeegemea mhimili wa nyumba ya watu. Vijana waliokimbilia mahindini walikuwa madereva na matingo. Mzee wa kofia hakuwa na uzee wowote, alikuwa akinihakikishia kwamba gari halipo na dereva hayupo. Kila mlango walikuwa wakinificha watu wao, na mimi nilikuwa nikiandika kwamba hawana ugonjwa. Niliona haya kutamka neno moja, na kwa haya hiyo nimewanyima watu wote hawa dawa.

Hasifa akanishika mkono akaniketisha. Nikamwonyesha jinsi ya kuchanganya chumvi na sukari guru.

Jumapili, 3 Juni

Asadu amerudi na chupa, lakini chache, nyingine zimetumika. Jana njia ilikatika kwa maji, akazunguka, akasukuma, akafika amepakaa matope mpaka masikioni. Nafuna ametundikiwa. Hajafumbua macho. Hajakojoa tangu alipoletwa, na figo zikifunga hakuna sukari guru itakayozifungua.

Nimemwambia Geresom. Nilimwita varandani nikamweleza lile neno, lote, bila kulipunguza. Nilimwambia mkewe alikwenda Nakaloke kwa sababu ya kinywa changu. Nilitegemea anipige, au arudie Kiingereza chake. Aliendelea kukoroga kikombe. Nikamwambia nitajiondoa katika kazi, kwamba nitarudi Jinja na yeye amtafute mtu mwingine.

"Hakuna mtu mwingine," alisema. "Wewe jua kijidudu. Mimi jua watu. Bibi yangu akiamka, kesho tunaenda nyumba kwa nyumba. Asipoamka, tunaenda pia. Lakini hiyo koti uache hapa."

Aliingia ndani. Nililivua pale pale.

Jumatatu, 4 Juni

Tumekwenda kwa miguu, yeye mbele akizungumza Kimasaba, lugha ya hapa, mimi nyuma na ndoo. Amenifundisha neno lao la kuhara. Ulimi wangu unalikataa, watoto wanaokaribia wanalirudia nyuma yangu wakicheka. Acha wacheke. Nimelisema mlangoni mwa mashehe, mbele ya wakwe wa watu. Shangazi angezimia.

Wagonjwa wengi. Wapo waliokwisha kuzikwa. Ramani yangu nzuri nimeichana.

Kila nyumba tunaacha kipande cha sukari guru na fundo la chumvi. Nilimtazama Geresom akiinama kwenye vizingiti vifupi, miguu peku, akizungumza na wazee kama mtoto wao. Kila anapotoka nje anaangalia barabara ya Mbale, kama kuna mtu anayeletwa na habari. Mimi nilikuwa nimemwona paka.

Jumanne, 5 Juni

Hajakojoa.

Kisima cha soko la Nakaloke nimepima, tena kiunoni. Vimo, vinakimbia. Sasa nina hakika ya kweli, si ya ramani. Watu wa Busiu huja siku ya soko, wanakunywa, wanarudi na ugonjwa kwao. Sababu haikuwa kusini hata kidogo. Tumekifunga kisima kwa minyororo na Asadu anakilinda, amekaa juu yake akila karanga.

Jumatano, 6 Juni

AMEKOJOA.

Nilikuwa darasani nikichemsha chupa nikasikia sauti ya Maximilla ikivuka mji. Nilikimbia nikiwa na koleo mkononi. Amesimama katikati ya wodi amelishika beseni juu kama kikombe cha mashindano, na wagonjwa wanaoweza kukaa wamekaa wanapiga makofi. Sijawahi kuona watu wakishangilia mkojo. Ni wa manjano, kidogo tu, mzuri kuliko chochote nilichokiona chini ya kioo. Geresom alikuwa ameketi sakafuni, kichwa amekilaza ukingoni mwa kitanda, mabega yanatikisika. Nafuna alifumbua macho akamwambia jambo kwa Kimasaba. Nikamuuliza Maximilla amesemaje. Amesema anauliza viatu vya mumewe viko wapi.

Nimeswali rakaa za shukrani kwenye chumba cha sayansi, kati ya chupa.

Alhamisi, 7 Juni

Nafuna kanywa uji. Mvua.

Jumatatu, 11 Juni

Mtoto wa Hasifa, dereva wa lori, amesimama. Anaogopa bado kuonana na Asadu. Asadu amemwendea mwenyewe, wameketi juu ya kisima kilichofungwa wakibishana kuhusu giaboksi.

Jumatano, 20 Juni

Wagonjwa wapya wachache sana. Nafuna ametoka wodini, amedhoofika, shingo imekuwa nyembamba, lakini kicheko kimerudi. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilianza hotuba niliyoitayarisha, akanikatiza akataka nimsimulie lile swali tangu mwanzo, na koti, na mzee wa kofia. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akatulia, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha darasani kwamba jirani yao mwenye watoto watatu hakufika wodini.

Jumatatu, 9 Julai

Chuo kinafunguliwa, wananiita Kampala. Nitakwenda. Nina mambo ya kuwafundisha wanafunzi ambayo hayakuwamo katika mihadhara yangu ya zamani, na la kwanza ni swali. Hadubini naiacha hapa kwa Maximilla, ameshajua kuvitambua vile vinavyokimbia. Shangazi atasema nimeibadilisha cherehani yake na hewa. Nitamjengea hoja njiani.

Jumamosi, 21 Julai. Nakaloke

Mvua imepumzika. Leo tumepita nyumba kwa nyumba kwa mara ya mwisho, mimi, Geresom akiwa na tai yake, Nafuna akiwa na mwavuli wa mumewe kwa ajili ya jua, na Asadu akitufuata polepole na Land Rover kwa sababu Nafuna bado huchoka. Vijana hawakukimbia. Mahindi yamekwisha kuvunwa pia, hakuna pa kukimbilia.

Kwa Hasifa hakuna. Kwa jirani yake hakuna. Nilikuwa nikiuliza kwa Kimasaba changu kibovu, lile neno lenyewe, bila haya. Tulipofika kwa mzee wa kofia ya darizi alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, amewaita wajukuu na wakwe, wamesimama kwa mstari kama wanaongoja picha. Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kiganja.

Akasema nimuulize kama nilivyomuuliza siku ile.

Nilimtazama Geresom. Akatazama viatu vyake. Nafuna alikuwa ameshaanza kuuma midomo. Basi nikasimama wima, nikauliza kwa adabu, kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu: nani anaendesha hapa?

Mzee aligeuka akawapitia watu wake mmoja mmoja kwa macho, bila haraka, na mahali pawili kwenye ule mstari walikuwa wameacha nafasi ya mtu. Akafika mwisho. Akanirudia.

"Hakuna mtu naendesha hapa, Dakitari," alisema. Kisha akaelekeza fimbo kwa Asadu aliyekuwa nyuma ya usukani. "Labda ile yako."

Wakaangua kicheko wote, na Asadu akapiga honi. Nikachukua kalamu nikaandika alichosema mzee, kisha nikapiga hodi nyumba inayofuata.